Kikapu cha Shangazi na Walinzi wa Geti

Mie mpira naujua tangu utotoni. Kwetu Makorora, hapa Tanga, mtoto huzaliwa na timu yake kama anavyozaliwa na wajomba zake. Hakuna anayemuuliza anamtaka nani. Nalisema hili mapema kwa sababu nikisimulia habari hii watu hunidhania ni mmoja wa wale kinamama wanaouchukia mpira kwa kuwa unawachelewesha waume zao. Sivyo kabisa. Nimeimba jukwaani mpaka sauti ikanikauka. Nimenuniana na wifi yangu mwezi mzima kwa ajili ya penalti, na mpaka leo nasema haikuwa penalti. Lakini siku hizi uwanja ukipiga kelele, hata nikiwa jikoni kwangu, mkono unakwenda wenyewe kwenye komeo la mlango.

Mji wetu una timu mbili zenye watu. Majina siyataji; wa huku anazijua, na asiye wa huku hayatamsaidia kitu. Zikikutana tunasema ni mechi ya watani, na neno watani lisikudanganye, maana utani wenyewe una mawe. Nimeona vioo vya basi la wachezaji vikipasuliwa. Nimeona mtu akivuliwa jezi na kuchapwa nayo hadharani. Fundi baiskeli wa mtaani kwetu alirudi siku moja na jicho moja, jingine kaliacha jukwaani, na akawa anatamba kijiweni kwamba walishinda.

Na chanzo cha ugomvi mara nyingi si goli. Ni ndumba. Mtu wa mbali atacheka, na mie nilikuwa nacheka, lakini huku kwetu timu kubwa haikosi wazee wa kamati ya ufundi, na ufundi wenyewe si wa kupiga chenga. Hao ndio wa mganga. Wao ndio wanaojua timu iingie kwa geti lipi, nani atangulize mguu gani, nani asishikane mkono na nani. Na kwa kuwa kila upande unaamini upande wa pili una mganga mkali zaidi, imekuwa desturi siku mbili kabla ya mechi mashabiki wenye miili yao wahamie uwanjani. Wanakula hapo, wanalala hapo, wanalinda mageti ili watani wasije kufukia kitu au kumwaga kitu. Tunawaita walinzi wa geti. Wakiingia kambini wanakabidhi simu kwa kiongozi wao, zinazimwa zote na kutiwa mfuko mmoja, asije akatokea wa kuwauzia watani siri. Hairudishwi simu ya mtu mpaka kipenga cha mwisho.

Mie hao walinzi nilikuwa nawapenda. Wana nyimbo nzuri, na walikuwa wakinipisha nafasi getini kwa kunijua sura. Nilidhani wananijua.

Shangazi yangu, dada yake marehemu babangu, alikuwa muosha maiti. Wanawake wengi wa Makorora na Ngamiani waliotangulia mbele ya haki wamepita mikononi mwake. Niliporudi kwake baada ya ndoa yangu kuvunjika alinipa chumba, akanipa na kazi, nikawa nammwagia maji. Sikuitaka kazi ile. Siku za mwanzo nilikuwa siwezi hata kula nyama, lakini kwa Shangazi mtu hakai bure. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mdomo mkali na magoti mabovu, na alikuwa na mazoea yake. Hakuwa akiuliza jina la marehemu kwenye simu. Alisema jina atalipata mlangoni. Akilijua mapema linamlemea njiani.

Na kikapu chake kilikaa tayari saa zote nyuma ya mlango, kwa kuwa alichukia watu kuhangaika madukani huku wanalia. Ndani mlikuwa na bafta nyeupe iliyokwisha kukatwa vipande vya sanda ya mwanamke, pamba, kafuri, chupa ya marashi, udi, mkasi, na fungu la majani ya mkunazi, yale yanayopondwa na kutiwa kwenye maji ya kuoshea. Kwangu vilikuwa vyombo vya kazi tu, kama fundi cherehani na futi yake.

Siku ya mechi simu ililia asubuhi tukinywa chai. Niliyempokea alikuwa mwanamke, analia, sauti inakatika. Nilichoambulia ni kwamba kuna mama kaanguka chooni baada ya kusali alfajiri na amefariki papo hapo, wala hakuwa mgonjwa. Ni Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano, tukifika tutaona turubai. Watazika alasiri. Shangazi alimaliza chai yake, akasema innalillahi, akanyoosha mkono niletewe kikapu.

Tukapanda bajaji. Njia yetu ya siku zote ilikuwa inachimbwa mtaro, dereva akakata kuelekea uwanjani. Nilimkumbusha kwamba leo kuna mechi ya watani. Akanijibu mechi ni saa kumi, saa hizi kuna nani pale. Nikanyamaza, maana Shangazi alikuwa anasoma yasini kimoyomoyo na hapendi kelele akisoma.

Mbele ya geti kubwa walikuwa wamelaza gogo barabarani, na nyuma ya gogo wamesimama wanaume wengi, wamevaa jezi. Nilipoiona rangi nilishusha pumzi. Walikuwa wetu, wa timu yangu. Nikamwambia Shangazi asiwe na wasiwasi, hawa watatupisha. Nilikuwa na furaha kidogo hata, Mungu anisamehe, nikawa natafuta kwenye nyuso zao mtu ninayemfahamu.

Aliyekuja alikuwa mwanamume mrefu wa kama miaka thelathini na kitu, amejifunga kitambaa cha timu kichwani, macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliinama kwenye bajaji. "Shikamoo, bibi," alisema. Shangazi akaitikia marahaba. Akasema samahani, wanaangalia tu mizigo, akachukua kikapu kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Akaanza kutoa. Akatoa pamba, wale wenzake wakasogea. Ikatoka kafuri, akainusa. Ikatoka bafta, vipande vilivyokatwa, akavifungua kimoja kimoja juu ya mkono wake. Alipofika kwenye majani ya mkunazi hakupiga kelele. Aligeuka akawaambia wenzake, taratibu kabisa, "Ndiye huyu." Ningependa angepiga kelele.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini. Mganga wao alikuwa amewaonya kwamba kabla ya adhuhuri atapita mwanamke mtu mzima amechukua kitambaa cheupe, ametumwa na watani, na akishalipita geti kubwa timu imekwisha. Walikuwa wamekaa kumsubiri, usingizi hawana, siku ya pili sasa. Na sisi tukajileta wenyewe kwa bajaji.

Walitushusha. Dereva alirudi kinyumenyume, akageuza, akatokomea, na simlaumu. Mtu akanivuta baibui kwa nyuma, shungi likaanguka, nikabaki kichwa wazi katikati ya wanaume. Mie nina hasira za karibu, kila anijuaye analijua hilo, na woga ukiniingia hasira ndiyo inayotangulia. Niliwafokea. Niliwaambia mie ni mwenzao, wanione vizuri, nakaa jukwaa lile pale. Nikawatajia golikipa wetu wa zamani na watoto wake. Nikaanza hata kuimba wimbo wetu, jamani, nasimama juani nimevuliwa shungi naimba wimbo wa mpira. Wakacheka. Mmoja akasema watani wamenifundisha vizuri. Nikatoa simu niwapigie wenye msiba, ikapokonywa kabla sijabonyeza kitu, ikapigwa chini ikatawanyika.

Shangazi hakufoka. Alisimama ameshika goti lake akawaeleza kwamba yeye ni muosha maiti, kile ni kikapu cha kazi, na anakwenda msibani Barabara ya Kumi na Tano, kuna mama amefariki alfajiri.

Yule wa kitambaa akamtazama. "Barabara ya Kumi na Tano ndiko ninakokaa mie," alisema. "Nimezaliwa pale. Nimetoka juzi, hakuna mgonjwa hata mmoja. Huo msiba wa nani?"

Shangazi akasema hajui.

Huko nyuma nilikuwa nikijivunia lile zoea lake la kutouliza jina, nikilisimulia kwa mashoga zangu kama jambo la hekima. Pale getini nilitamani lifutike duniani. Wanaume walipiga kelele kwa mara ya kwanza. Muosha maiti asiyemjua maiti wake! Kiongozi wao, mtu mzima mwenye mvi za kidevu, begani ana mfuko wa turubai uliojaa simu za watu, alitikisa kichwa kama mwalimu aliyesikia jibu la kipumbavu. Na nyuma yangu nikasikia mtu akiuliza tairi liko wapi.

Sitaki kuiremba hofu ile. Nilishawahi kusikia habari za watu waliochomwa kwa kudhaniwa wezi, nikasoma, nikasikitika, nikageuza ukurasa. Sikujua kwamba neno lile likitajwa kwa ajili yako, masikio yanaziba. Niliona midomo ya watu inakwenda na sisikii kitu. Nilichokuwa nikifikiria ni kitu cha kijinga kabisa, kwamba nimeacha maharage yameloweka na yatachacha. Kisha nikamtazama Shangazi, alivyo mfupi kati ya wanaume wale, nikafahamu kwamba wataanza na yeye na mie nitaangalia.

Kabla ya hayo, walikuwa na la kufanya. Dawa ya kukivunja kitu cha namna ile kila shabiki wa mji huu anaijua, na mie nilikuwa naijua na nimeshaichekea mara nyingi: ni mkojo. Wakaitandaza ile bafta mchangani kando ya geti, wakamwaga juu yake pamba na majani. Yule wa kitambaa ndiye aliyeanza, kwa kuwa ndiye aliyekigundua kitu, na wenzake walimwachia nafasi kama wanaompa heshima. Wakafuata wengine wawili watatu. Walikuwa wamegeuka mgongo, wanataniana. Shangazi alijifunika uso kwa mtandio.

"Hiyo ni nguo ya mtu," alisema ndani ya mtandio.

Walipomaliza akajifunua, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Lakini sauti alikuwa nayo. Aliwaambia wamfuate. Waende naye mpaka Barabara ya Kumi na Tano, na kama hapana turubai wala msiba, wamfanye watakavyo yeye, huyu mtoto wa kaka yake wamwache. Wengine walikataa, wakasema ni hila ya kutoka getini. Kiongozi alifikiri. Nadhani naye hakutaka damu mbele ya geti saa chache kabla ya mechi, au labda alikuwa na mama nyumbani, sijui. Akasema twendeni, nusu wabaki kulinda. Kikapu kiende kama ushahidi. Na tairi liende.

Basi tukatembea. Sanda iliyolowa ilirudishwa kikapuni, na yule wa kitambaa akakibeba kwa kupitisha fimbo kwenye vishikio vyake, asikiguse. Alitangulia mbele yetu, nyuma yetu wale wengine wakiimba. Wimbo ni uleule niliouimba mimi. Na chini ya wimbo nilikuwa nasikia tairi likiviringishwa, linagonga jiwe, linaanguka, linainuliwa, linaendelea.

Ngamiani watu hukaa vibarazani. Siku ile vibaraza vilikuwa vinahamwa mbele yetu. Muuza duka alishusha mlango wake nusu, akachungulia kwa chini. Wanawake walivuta watoto ndani. Kulikuwa na nyuso pale nilizozifahamu, watu tuliokwenda misibani kwao, na hakuna aliyeuliza wanawake hawa mnawapeleka wapi. Niliwachukia siku ile. Leo nawaelewa, lakini kuwaelewa hakujaniondolea chuki yote.

Shangazi magoti yalimshinda, nikampa bega. Alikuwa mzito na anatetemeka, au nilikuwa natetemeka mimi, huwezi kujua mkishikana. Aliniuliza sikioni kama nina hakika na mtaa. Nikasema nina hakika. Sikuwa nayo. Sauti ile ya simuni ilikuwa ya mtu anayelia, na kadiri tulivyokaribia ndivyo nilivyozidi kuwaza kwamba labda turubai halijafungwa, labda wamempeleka maiti nyumba nyingine, labda alikuwa mtu anacheza na simu. Nilimwomba Mungu tukute mtu amekufa. Ndiyo dua niliyoiomba, na maneno yake ni hayo hayo.

Barabara ya Kumi na Mbili yule wa kitambaa alikuwa bado anaongoza wimbo, sasa yuko kwao, anawapungia watu mkono usio na fimbo. Tulipofika ya Kumi na Tatu, mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki alisimama alipomwona. Alifungua mdomo kumwambia kitu, kisha akaliona kundi, akaona tairi, akaufumba. Akaweka mkono kifuani akainamisha kichwa. Yule wa kitambaa akamsalimia, akapita, lakini wimbo akauacha, wakauendeleza wengine.

Barabara ya Kumi na Nne akatoka mwanamke amejifunga kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, ana sufuria kubwa mkononi, sufuria ya kupikia watu. Kumwona tu yule mwanamume, akaiweka sufuria chini na kuanza kulia.

Hapo nikajua. Nilijua kabla yake, au kabla hajakubali kujua. Nakuapia haikuwa faraja, ingawa nilikuwa nimeshapona tayari. Nilitaka tusimame. Nilitaka mtu mmoja aseme tusimame. Nilimminya Shangazi mkono, naye akaniminya kwa nguvu zaidi, kwa hiyo alikuwa ameona.

Yule wa kitambaa alipunguza mwendo mpaka kiongozi akamfikia. "Nipe simu yangu," alimwambia.

Kiongozi akamkumbusha kwamba simu ni mpaka kipenga cha mwisho, yeye mwenyewe ndiye aliyesimamia hilo agizo.

"Naomba simu yangu."

Wimbo ulikuwa umekufa. Kiongozi alifungua mfuko wake polepole, anatafuta kati ya simu zote zile zilizozimwa, na wakati anatafuta yule mwenzake hakusubiri. Alikata kona.

Turubai lilikuwepo. Lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba yenye mlango wa kijani, viti vimepangwa, wanaume wenye kofia wamekaa kimya. Alisimama katikati ya barabara, fimbo mkononi, kikapu kinaning'inia. Mzee mmoja, baba yake mdogo kama nilivyokuja kujua, aliinuka akamwendea. Hakumgombeza. Alimwambia wamempigia tangu alfajiri, wametuma mtu uwanjani asubuhi, akarudishwa kwa mawe getini kwa kuwa alivaa shati la rangi ya watani.

Dada yake yule wa kitambaa alitoka ndani akimwita kwa jina la utotoni, ile sauti ya simuni, nikaitambua palepale. Akamrukia shingoni. Alimkumbatia mzima mzima, naye mikono yake ikawa imenyooka mbele ili kikapu kisimguse dada yake. Alikuwa anakitazama kikapu juu ya bega la dada. Sijawahi kuona mtu anatazama kitu hivyo, na sitaki kuona tena.

Wale wengine waliyeyuka. Mmoja alivua jezi na kuisokomeza mfukoni, akaketi kwenye kiti cha mwisho kama mfiwa. Kiongozi alisimama na simu mkononi, hana wa kumpa. Tairi waliliegemeza ukutani kwa jirani wakaliacha pale.

Na mie, hofu iliponitoka kidogo, hasira ikajaa mahali pake. Nilitaka kusema yote. Nilitaka niwaambie wazee wale wenye kofia, na yule dada, na majirani waliojifungia, nini kimo kwenye kikapu kile na nani kakitia. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno. Shangazi alinishika kifundo cha mkono, kucha zikaniingia, akaniacha nimesimama. Akamwendea yule mwanamume, akaichukua fimbo mkononi mwake. Mtu mmoja akauliza mbona kikapu kinachuruzika.

Shangazi akasema kimeingia maji njiani. Watume mtu dukani alete bafta nyingine, na kafuri, na pamba. Akataja na urefu. Akakifunika kile kikapu kwa mtandio wake, akanipa nikaweke nyuma ya nyumba, mbali na kisima.

Nilipokuwa huko nyuma nikikiweka chini, yule mwanamume alinifuata. Niliruka. Mwili wangu ulikuwa haujaambiwa kwamba yamekwisha, na nilipomwona amesimama peke yake karibu yangu nilimwita Shangazi kwa sauti iliyonitia aibu. Akaja akichechemea. Mwanamume alikuwa ameshavua kitambaa kichwani. Hakuniangalia. Nilitaka kumhurumia, ikashindikana.

"Bibi," alisema, "maiti anajua yanayofanyika nje?"

"Hajui kitu, mwanangu," Shangazi akamjibu. "Nenda kaoge. Koga vizuri, ubadili nguo, uje umzike mamako."

Akaenda. Nikasikia ndoo ikitekwa kisimani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na maji yakimwagwa bafuni bila kupumzika.

Bafta mpya ikaletwa. Shangazi akaikata sakafuni, mkasi ukaenda upande mara mbili akaurudia. Tukaingia kwa marehemu, tukafunga mlango, na mie nikalijaribu tena komeo kuona kama kweli limefunga. Uwanjani walikuwa wameanza kujaa, kelele zilitufikia kwa mbali, na kila zilipopanda nilisimamisha kopo hewani. Shangazi hakunihimiza. Alikuwa anamtazama yule mama, mnene kiasi, ana hina iliyofifia kwenye kucha, uso umetulia kama wa mtu aliyejinyoosha kidogo tu.

Miaka yote niliyofanya naye kazi, Shangazi aliniambia jambo moja kuliko mengine yote: maiti anasikia. Anasikia mpaka anapoingia kaburini, anamjua anayemwosha, anawajua waliokuja na wasiokuja. Kwa hiyo tuseme taratibu, tusimwambie uongo.

Akainama mpaka sikioni kwa yule mama.

"Mwanao keshafika," alimwambia. "Yuko nje, anaoga."

Kisha akanyoosha mkono, nikampa maji.